Kamera yangu ya sensor kubwa ilivyomgeuza baba wa bi harusi kuwa gunia la mkaa

Wakuu, habari za huko mliko. Hiki kisa kimenikuta mwenyewe na siongezi chumvi, chumvi yote iliishia kwenye mbuzi wa ndafu.

Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni nilikuwa na kastudio ka video pale Njoro, Moshi. Kazi zote nafanya na handycam ya mkanda.

Halafu zikaingia zile kamera za picha zinazorekodi na video. Nikapata moja ya mtumba. Aisee, nikaanza kutembea kama mkurugenzi.

Kwa wasiojua: sensor, siyo sensa ya kuhesabu watu, ni kale kapande ndani ya kamera kanakopokea picha. Ya handycam ilikuwa kama punje ya dengu. Hii mpya ilikaribia ukubwa wa stempu.

Sensor ikiwa kubwa na lensi ukaifungua wazi, unayemlenga anatoka safi, nyuma yake ukungu mtupu. Ile ndogo haina adabu hiyo. Inaonyesha vyote, kuanzia pua ya bi harusi mpaka theluji ya mlimani.

Na mimi huo ukungu ulinilewesha kuliko mbege.

Basi nikapata harusi Kirua Vunjo. Bwana harusi Mkatoliki wa hapo hapo. Bi harusi, Aikande, Mlutheri wa Marangu. Baba yake, Mzee Elisante, alishatangaza mbele ya ukoo kwamba mguu wake haukanyagi harusi ya Waroma.

Kweli, kanisani hakuonekana. Aikande aliingizwa na mjomba wake, poda imepakwa juu ya machozi.

Sherehe ikahamia kihambani kwa bwana harusi, katikati ya migomba na mibuni. Mimi nikakomaa na nyuso. Mke wangu, Mama Glory, nikampa handycam akarekodi foleni ya zawadi. Niliiona kazi ya kishamba.

Siku Aikande alipokuja studio kuangalia kabla sijachoma DVD, alinishika mkono.

"Kaka, simamisha hapo. Huyo nyuma yangu, kwenye mibuni, ni baba?"

"Dada, mimi hapo naona gunia la mkaa limevaa kofia."

Nikavuta picha karibu. Likawa gunia kubwa zaidi.

Aikande hakucheka. "Nataka tu kujua kama alikuja."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Picha iliyotoka ukungu haina dawa, hata uikemee kwa maombi.

Mama Glory akasema kutoka mlangoni, "Si mweke mkanda wangu? Au huo ni wa washamba?"

Tukauweka. Mzee huyo hapo, wazi kama mchana, nyuma ya foleni ya zawadi! Mkono mmoja kashika mfupa wa mbuzi, mwingine anafuta macho kwa kofia.

Aikande alilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akasema, "Twende Marangu."

Tulimkuta mzee sebuleni. Tukamwamkia shikamoo, nikachomeka handycam kwenye TV yake. Akaangalia, akakohoa.

"Huyo si mimi."

Mama yake Aikande akadakia, "Basi kuna mwizi ana koti lako, kofia yako na tumbo lako. Nikapige yowe?"

Halafu mzee akaniambia taratibu, "Kijana, rudisha nyuma kidogo. Hapo binti yangu anapocheka."

Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu akamgeukia Aikande.

"Jumapili mlete huyo Mroma wako. Mwambie samaki wao wa Ijumaa mimi sili, nachinja mbuzi."

Funzo nililopata: ukungu mzuri kwa tangazo la sabuni. Kwenye harusi, funga lensi kidogo, maana watu wa nyuma nao wana ndugu wanaowatafuta.

Mafundi wa video mnasemaje? Na nyie wengine, hebu toeni mikanda yenu ya harusi muangalie nani alisimama nyuma. Mkimkuta, leteni habari hapa.