Swali la Daktari wa Nakuru

Gunia lililolowa mkojo likianikwa juani huchoma pua kama moshi wa kuni mbichi. Asubuhi zangu za Subukia zilinuka hivyo, pamoja na maua ya pareto yaliyokaushwa kwenye banda la mzungu mwenye shamba. Nilikuwa mtoto mkubwa, wa kuteka maji na kubeba mdogo wangu mgongoni, na bado mama alianika gunia langu la kulalia nyuma ya nyumba akitumaini majirani hawataona. Waliona. Watoto wa kambi yetu ya vibarua waliniuliza kwa upole wa uongo, "Wambui, mvua ya jana ilinyesha kwenu tu?" Sijui kama nakumbuka sawasawa, lakini nafikiri hata mimi nilicheka.

Bibi mmoja jirani alijaribu dawa yake kwanza. Alinifunga chura hai kiunoni, ili akilia niamke. Chura alikufa, mimi nikaendelea. Simlaumu, ndivyo alivyotibiwa yeye utotoni, na alisema alipona. Ndipo mama akasikia habari za daktari Mhindi mjini Nakuru, bingwa wa magonjwa ya mkojo. Lakini miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, mtu wa kabila letu hakutoka shambani bila ruhusa. Nyapara, Baba Chebet, alituombea kwa mzungu, na akapewa sharti kwamba atupeleke yeye mwenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo. Shambani ilijulikana kwamba baba yuko Naivasha, ameajiriwa huko. Haikuwa kweli. Shangazi alikuja akamnong'oneza mama, akidhani nimelala, kwamba baba amekamatwa na kupelekwa kizuizini. Siku zile mke wa mfungwa akijulikana, alipakiwa kwenye lori pamoja na watoto wake, wakarudishwa rizavu, kwenye ardhi iliyotengewa kabila letu, na sisi huko hatukuwa na hata pa kupanda kunde. Nililowesha gunia kwa mara ya kwanza wiki hiyohiyo. Nilijua sababu, na nadhani mama alijua, ila hatukuwahi kuambiana.

Tulikwenda na lori la maziwa. Chumbani kwa daktari nyapara aliingia pamoja nasi, akaketi kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini, kama mtu wa nyumbani. Daktari alinibonyeza tumbo kwa vidole baridi, kisha akauliza, "Mama, hii mtoto nakojoa tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa," mama akasema.

Daktari akamtazama. Akaeleza kwamba kuna mtoto ambaye hajawahi kulala pakavu, na kuna aliyewahi kisha akaanza upya, na dawa zao si moja. Akaniinamia. "Wewe toto, sema. Zamani nalala kavu?"

Nilisikia kiti cha mlangoni kikilia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema afanyeje anayeulizwa maradhi yake mbele ya mtu asiyejua ni adui au rafiki.

"Sijawahi," nikasema. "Tangu kuzaliwa."

Dawa ilikuwa chungu, niliimaliza, na haikufanya kitu. Daktari hana kosa; alitibu ugonjwa tuliomwambia. Tukirudi, nyapara alisema polepole, bila kutugeukia, "Mama Wambui, huyu mtoto wako amelelewa vizuri. Anajua la kusema."

Mama alimshukuru. Tangu siku hiyo nguo zetu zilikaa zimefungwa kwenye shuka, na kila lori geni lilipoingia shambani alisimama mlangoni mpaka lipite. Hakuna lililosimama kwetu. Kusema haki, yule nyapara hakutusaliti. Alituhurumia, au aliiweka siri yetu akiba aje aitumie, au hakujua lolote, sijapata kujua. Nami nilikoma kulowesha gunia kabla baba hajarudi, kwa hiyo hata ile sababu siwezi kuiapia.

Majuzi nilimsindikiza mjukuu wangu, mwenye tatizo lilelile, kwa daktari kijana hapahapa Nakuru. Alipouliza lilianza lini, mkwe wangu, mama wa mtoto, alimwaga yote bila kupunguza sauti: mume amehama nyumbani, mtoto anamlilia. Mtoto naye akaongeza yake. Daktari akasikiliza, akauliza zaidi. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliinuka nikaenda kuufunga mlango.

"Shosho, keti tu," daktari akasema. "Hapo nje hakuna mtu."

Nilimwamini, ila sikuachia kitasa.