Kibofu Kitupu

Dada anayepasua panya wa porini katika maabara yetu ana mikono mikubwa kuliko kazi yake, lakini mwone anavyoinua figo kwa kibano, figo yenyewe kama punje ya haragwe, utadhani anahamisha mtoto aliyelala. Hufuata mrija wa mkojo, mwembamba kama uzi, hadi kwenye kibofu, huku akinong'ona, "Pole, mama," kwa kuwa tunachunguza majike tu. Chai hanywi mpaka amalize. "Nikichungulia vibofu vya wenzangu, changu kitulie," husema, nasi hucheka.

Wenye mimba hurudishwa porini. Ili awatambue, humshika kila jike juu ya bakuli mpaka akojoe, ndipo ampapase tumbo, maana kibofu kilichojaa hudanganya vidole. Asubuhi moja mkubwa wetu alisimama mlangoni akiangalia saa. Haraka haina baraka, lakini nani angemwambia mkubwa? Dada hakungoja jike akojoe. Alipapasa, akasema, "Mkojo tu huo." Alipofungua tumbo, kibofu kilikuwa kimesinyaa, kitupu, na nyuma yake watoto wamejipanga kama shanga. Aliwafunika kwa pamba, akatoa figo kama alivyotakiwa. Safari hii hakunong'ona kitu.

Siku hizi humshika jike juu ya bakuli hata tone la mwisho likishadondoka. "Dada, huyo kashamaliza," tunamwambia. "Najua," hujibu, na kiganja chake hakibanduki chini ya lile tumbo.