Sauti Iliyosema Umeme ni Mzuri

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili la Leland Tvedt halipo wala haliji. Si kweli kwamba alimdanganya mgonjwa kwenye simu ili kambi ipate mteja. Si kweli kwamba alikuwa mlevi. Katika miaka arobaini na nne ya ndoa hakuwahi kufungua bia kabla jua halijashuka, na hata hiyo moja aligawana na mkewe. Wala si kweli kwamba wenye kambi walimtilia kitu mfukoni kwa kila trela, nyumba ya magurudumu ya wasafiri, aliloingiza. Alichopewa ni kiwanja cha kuegesha trela lake mwenyewe, na maji na umeme, basi. Lakini maneno hayo yameandikwa kwenye mtandao chini ya jina la kambi ya Mesquite Bend, na kila anayetafuta pa kulala upande ule wa jangwa la Yuma huyasoma kabla ya jambo lingine lolote: mwenyeji wa pale, mzee Leland, ni mwongo, na uongo wake umeua mtu.

Aliyesema uongo ni mkewe, Corinne. Yeye mwenyewe ametaka lijulikane, na ndiyo sababu habari hii inasimuliwa.

Leland alikuwa fundi bomba huko Nebraska. Corinne alikuwa mwalimu. Alifundisha sarufi miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo wanaume wenye mvi hunyoosha migongo wakimwona dukani. Jina la Tvedt lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la msingi la kanisa lao, na Corinne, aliyeolewa nalo, alilitunza kuliko waliozaliwa nalo. Walipostaafu waliuza nyumba, wakanunua trela lililokwisha kutumika, wakashuka jangwani kukimbia theluji kama wazee wenzao. Mwaka wa kwanza walikaa majira ya baridi tu. Mwaka wa tatu Leland akaombwa awe mwenyeji wa kambi, awapokee wageni na kutengeneza kinachoharibika. Wakabaki, wala hawakuwa tena na nyumba ya kurudia.

Alikuwa na kanuni yake. "Mgeni hakumbuki bwawa la kuogelea," alikuwa akisema. "Anakumbuka alivyolala." Kwa hiyo kila kiwanja alikipima kwa pima maji, akachonga changarawe mpaka trela likasimama sawa, mtu asilale damu ikimjaa kichwani, wala mlango wa jokofu usijifungue wenyewe. Alijua bomba gani la maji machafu hutoa harufu upepo ukitoka kusini, akalifunika kabla ya mgeni kuuliza. Trela likiingia, alitembea mbele yake mwenyewe, akilielekeza kwa mikono lirudi nyuma taratibu, kwa maana hapo ndipo mume hushika usukani na mke husimama nyuma akipiga kelele.

"Kushoto! Nimesema kushoto!"

"Kushoto kwako au kushoto kwangu?"

"Kushoto kwa Mungu, Walter!"

Leland angemgusa mama huyo bega na kumwambia, "Nenda ukanywe kahawa kwa mke wangu, dada. Ndoa nyingi zimevunjikia kwenye kiwanja hiki. Yenu niachieni mimi."

Watu walirudi kila mwaka kwa ajili hiyo.

Kisha kambi ikauzwa. Kampuni iliyoinunua ilikuwa na ofisi yake katika mji mwingine, na ikamtuma msimamizi aitwaye Kessler. Miti ya kivuli ikakatwa, vikapatikana viwanja ishirini vipya, vyembamba hata mtu akipiga chafya jirani husema afya. Viwanja vyote hivyo viliunganishwa kwenye waya ule ule wa zamani. Joto likipanda na viyoyozi vyote vikiwashwa, umeme ulishuka nguvu mpaka taa zikawa nyekundu kama makaa. Leland alipima kila siku adhuhuri, akaandika, akampelekea Kessler karatasi. Kessler alizipokea vizuri sana.

Alichobaki nacho Leland ni kusema kweli. Mtu akipiga simu ofisini na kuuliza kuna kivuli, alijibiwa: "Kilikuwepo, ndugu yangu. Wamekikata. Na umeme wetu mchana unasinzia kama mzee kanisani. Ukinisikiliza mimi, endelea mbele maili arobaini."

Alifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu Kessler alikuwa amesimama mlangoni.

"Hivi mzee, wewe unafanya kazi upande gani? Wetu, au wa wale wa maili arobaini?"

"Upande wa anayelala."

"Basi ukilala nje utaujua vizuri upande huo. Nikisikia tena, nataka kiwanja changu."

Corinne alikuwepo, na hakuhitaji kufafanuliwa. Trela lao lilikuwa na miaka kumi na saba, na kambi nyingi siku hizi hazipokei lililopita miaka kumi. Zinataka picha kwanza, kama mchumba wa mbali. Wakitolewa pale hawana pa kwenda ila ua wa ndugu. Yeye, Corinne Tvedt, aegeshwe nyuma ya ghala la shemeji yake, kijijini kote wakimwona!

Usiku huo alimwambia mumewe, "Si lazima useme yote. Kunyamaza si kudanganya."

"Akiniuliza, nikanyamaza, ni nini?"

"Ni adabu."

Leland alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka juu ya jambo hilo.

Wiki ya pili ya mwezi wa nne simu ililia ofisini. Leland alikuwa amepiga magoti kiwanja cha tisa akibadilisha bomba, na Corinne alimwona dirishani. Akaipokea yeye. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ikikatika kila baada ya maneno machache ili avute pumzi.

"Dada, nina swali moja tu. Natumia mashine ya oksijeni. Umeme wenu... hauchezi?"

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kessler hakuwepo. Jambo hilo Corinne amelisisitiza lisiachwe: hakulazimishwa na mtu.

"Hauchezi," alisema. "Umeme wetu ni mzuri. Njooni."

"Una sauti ya mwalimu."

"Nilikuwa mwalimu."

"Basi nakuamini."

Aliandika jina: Harlan Pruitt, na mke, kutoka Iowa, siku kumi. Alijiambia kwamba mwezi wa nne wengi wamekwisha kurudi kwao, waya hautaelemewa, na joto lenyewe bado. Alijiambia hayo vizuri, kwa sentensi zilizokamilika.

Walifika Alhamisi jioni. Mkewe Jeanette ndiye aliyekuwa akiendesha, na Leland akamwelekeza kwa mikono mpaka trela likakaa. Harlan alishuka mapema, akasimama kando na mrija puani na kimtungi kidogo kwenye toroli. Leland alipogeuka na kuuona mrija ule, mikono yake ilishuka.

"Mlipiga simu kwanza?" aliuliza.

"Nilipiga. Mwalimu wenu ana sauti nzuri kwenye simu," Harlan alisema, akitabasamu kwa shida, Jeanette akiwa bado ndani ya gari. "Nilimwambia Jeanette, ofisi imesema umeme ni mzuri, sasa tutapumzika."

Leland alimtazama Corinne, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Hakumgombeza. Alimpeleka pembeni, nyuma ya chumba cha kufulia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda ukawaambie."

"Waambie wewe."

"Aliyefunga fundo ndiye alifungue. Nikisema mimi, nitakuwa nimemwambia mgonjwa kwamba mke wangu ni mwongo. Ukisema wewe, utakuwa umekosea tu na kusahihisha. Hujui tofauti, mwalimu?"

"Wamechoka, Leland. Wameendesha siku tatu. Kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi, basi. Kabla ya joto."

Na kesho yake asubuhi alikwenda kweli. Alibeba mkate wa ndizi aliouoka alfajiri. Alimkuta Jeanette juu ya kigoda, akitundika mlangoni ule ubao wa jina ambao kila familia ya wasafiri huwa nao: *Akina Pruitt, Harlan na Jeanette, Iowa*.

"Aa, mama!" Jeanette alisema, akishuka. "Unajua tangu mwezi wa kwanza sijalala kama jana? Trela limenyooka kama meza! Tumetoka mahali, hee, usiombe. Kitanda kimeinama, majirani redio usiku kucha, tena mwenye kambi anakujibu kama umemwibia. Nikamwambia Harlan, hapa tumefika kwa watu."

Kutoka ndani mashine ilisikika ikipumua polepole, na sauti ya Harlan ikaita, "Ni yule mwalimu? Mwambie nimelala kama mtoto."

Corinne aliushika mkate ule mbele yake. Ilikuwa sentensi moja: *Nilikosea kwenye simu, umeme hapa hushuka mchana, wekeni mtungi wa akiba karibu.* Amefundisha watoto sentensi ndefu kuliko hiyo. Mbele yake alisimama mwanamke ambaye kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza alikuwa na furaha, tena aliwaita wao watu. Corinne alimpa mkate, akasema, "Karibuni Mesquite Bend," akaondoka.

Leland alikuwa akimngoja kwenye ngazi ya trela lao.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema watakaa. Mtungi wa akiba wanao."

"Uko karibu na kitanda?"

"Uko karibu."

Alishusha pumzi, akamshika mkewe mkono. "Ahsante," alisema. Kisha akaenda zake kazini, na kwa siku mbili alifanya kazi akipiga mluzi.

Jumapili lilikuja joto la mwezi wa saba, kiangazi cha huko kinapokolea. Kufikia saa nane mchana kila kiyoyozi kambini kilikuwa kinanguruma, na umeme ukashuka, ukashuka tena. Jeanette alikuwa amekwenda kufua mashuka. Mashine ya Harlan ilizima, na kimtungi cha toroli kilikuwa kimekwisha njiani. Mtungi wa akiba ulikuwa garini chini ya makoti, mahali ulipokaa safari nzima, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyewaambia wautoe. Jeanette alikaa chumba cha kufulia nusu saa, akizungumza na Wilma Haskett wa kiwanja cha kumi na nne kuhusu madoa ya kahawa. Aliporudi, mumewe alikuwa amekufa.

Walipomaliza watu wa gari la wagonjwa, Jeanette alisimama katikati ya barabara ya changarawe, kambi nzima ikiwa nje. Hakulia. Aliuliza, "Nani alimwambia mume wangu umeme ni mzuri?"

Leland alisema, "Lakini asubuhi ile mliambiwa—"

"Tuliambiwa nini? Na nani? Hatukuambiwa na mtu!"

Hapo Leland alimtazama Corinne kwa mara ya pili. Alimtazama kitambo. Wote walidhani ni mzee anayetafuta maneno. Corinne alikuwa na maneno. Lakini kabla hajafungua kinywa, au ndivyo alivyopenda kujiambia miezi ile yote, mumewe alikuwa amekwisha kugeuka.

"Ni mimi," Leland alisema. "Mimi ndiye niliyepokea simu."

Jeanette alimtemea mate kwenye shati. Wilma Haskett aliona, na wengine. Leland hakujifuta.

Kampuni iliandika barua kwamba mwenyeji alitoa taarifa bila idhini, na ikawapa siku tatu. Karatasi za vipimo hazikuonekana ofisini. Waliliburuta trela mpaka Nebraska, wakaliegesha nyuma ya ghala la nduguye Leland, pale pale Corinne alipoapa kutoegeshwa. Leland hakulipima kwa pima maji. Trela lilikaa limeinama majira yote ya kiangazi, na kikombe kikiwekwa mezani kiliteleza. Wajukuu waliusoma mtandao. Mmoja akaacha kuja. Mwezi wa tisa Leland alilala mchana na hakuamka, na mazishini kanisa lenye jina lake kwenye jiwe halikujaa nusu.

Hata baada ya hapo Corinne alinyamaza miezi minne mingine. Hilo pia liandikwe.

Kwanza alimwandikia Jeanette Pruitt, kurasa mbili, bila kujitetea. Barua ilirudi haijafunguliwa. Ndipo akapanda basi, akashuka Yuma, na Jumamosi moja ya Januari akaingia ukumbi wa Mesquite Bend, saa ya kahawa na donati, wakati wakazi wote hukusanyika kutangaziwa ya wiki. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliomba nafasi, akasimama wima kama darasani, akasema kila kitu kilichosemwa hapa: simu, mkate wa ndizi, na ile asubuhi aliyomjibu mumewe *nimewaambia*. Hakutokwa na machozi. Alipomaliza, hakuna aliyemvutia kiti.

Mzee mmoja alinong'ona, "Na sisi tulimwita mwuaji." Mwingine akasema, "Sasa yanamsaidia nini?" Wote wawili walikuwa na haki.

Wilma Haskett ndiye aliyesogea, sahani ya karatasi mkononi, na sauti yake ilikuwa na huruma, au udadisi uliovaa nguo za huruma.

"Corinne, mwenzangu. Kile kiangazi chote, ninyi wawili mle ndani. Alikuambia nini? Alikusamehe?"

"Nimekuja kusema la watu kujua," Corinne alisema, "nimelisema. Hilo ni letu."

"Lakini kama alikusamehe, si ungesema tu, uki—"

"Silisemi, Wilma. Si leo, si kesho, wala usiniulize tena."