Nyoka wa Murithi

Enzi zetu Kibirichia, mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Gari ulilitengeneza mwenyewe kwa waya, mpira ulikuwa makaratasi na kamba, na sisi wasichana tulishona wanasesere wa matambara ambao sura zao, Mungu atusamehe, zilitisha. Baridi ya kule mnaijua nyinyi mliozaliwa huko. Unakanyaga umande miguu mitupu hadi shuleni, magoti meupe kama yamepakwa unga, na mfukoni una kiazi cha kuchoma kinachokupasha mkono joto mpaka kengele ilie ndipo ukile. Leo binti yangu akikosa soksi zinazofanana anasema hawezi kwenda shule.

Kaka yangu Murithi, yeye alikuwa na nyoka.

Alimpata tukivuna viazi, yeye ana miaka kumi na miwili na mimi kumi. Wote tulitimua mbio, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akitutegea fuko wanaokula viazi shambani. Alimwokota kwa mkono, akasema huyu hana sumu, kazi yake ni kula panya tu. Murithi akamwomba. Akamtengenezea sanduku la mbao lenye wavu juu, akaliweka nyuma ya stoo ya viazi. Murithi alikuwa na kigugumizi. Darasani akisimama kusoma wenzake walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mahali pekee nilipomsikia akiongea bila kukwama ni pale nyuma ya stoo, akimweleza nyoka habari za siku hiyo.

Mama alikuwa mtu wa kanisa, na nyoka kwake alikuwa yule yule wa bustani ya Edeni. Alimvumilia kwa ajili ya Murithi, lakini alituambia waziwazi, "Siku nikimkuta huyo shetani nje ya sanduku, ataonana na jembe langu."

Panya hawakukosekana stoo. Murithi alifuata alivyofundishwa na yule mzee: panya anauawa kwanza, halafu unamshika mkia na kumtingisha mbele ya nyoka. Usimtie akiwa hai ukaenda zako, maana panya naye ana meno. Na macho ya nyoka yakigeuka meupe, ujue anataka kujivua ngozi. Haoni vizuri, hataki kula, mwache apumzike. Mimi nilikuwa naona hayo yote ni uoga. Nilitaka kuona vita.

Basi Murithi akachaguliwa kukimbia mbio za shule huko Kinoru, Meru mjini, siku tatu. Akaniachia nyoka. Alirudia maagizo mara mbili, akikwama na kuanza upya, na mimi nikiitikia "ndiyo, ndiyo" huku nikiruka kamba.

Jumapili baada ya kanisa nikawaleta wasichana watano wa Sunday school. Nilikuwa nimewaahidi maajabu. Nikamnasa panya mkubwa kwenye mkebe, nikammwaga ndani ya sanduku akiwa mzima. Macho ya nyoka yalikuwa meupe. Niliyaona. Ningetaka sana kuwaambia kwamba sikuyaona, lakini niliyaona.

Nyoka akajikunja pembeni. Panya akazunguka, akanusa, akatulia. Tulingoja mpaka Karimi, rafiki yangu, akaanza kunicheka, "Nyoka gani huyu anaogopa panya?" Mara mvua ya mawe ikaanza, mama akatuita tuanue maharagwe, kila mtu akatawanyika. Jioni nilikuwa nimechoka. Nikajiambia pengine atamla usiku. Nikala mukimo wangu, nikalala vizuri kabisa.

Asubuhi nilimkuta panya amekaa katikati ya sanduku anajipangusa mdomo. Nyoka alikuwa ameliwa mgongo hadi mifupa. Nilipofungua wavu panya akaruka akaenda zake. Nyoka nikamtupa kwenye shimo la viazi vilivyooza, nikamfunika.

Murithi alirudi Jumanne na beseni la plastiki, zawadi ya namba mbili. Hakusalimia mtu, alikimbia moja kwa moja nyuma ya stoo. Aliporudi aliniuliza, "Yu-yuko wapi?"

Nikamwambia mama alimuua.

Jioni ile tukiwa tumezunguka moto, Murithi akamuuliza mama kama ni kweli. Mama akanitazama. Mimi nikainamia sahani. Mama akamgeukia Murithi na kusema, "Ndiyo. Ni mimi. Sasa kula chakula kisipoe."

Kesho yake tukimenya viazi, wawili tu, mama aliniambia bila kuinua macho, "Mimi nitazeeka niende. Wewe na Murithi ndio mtabaki, wawili tu, na sitaki achukie wa kubaki naye. Lakini utamwambia mwenyewe. Mimi sitasema."

Nikasema nitamwambia.

Murithi hakuharibika. Alisoma, akapata kazi ofisini Meru mjini, kigugumizi kikaisha. Ila tangu siku ile hakumweleza mama jambo lake lolote. Alipopata mchumba, mama alisikia kwangu. Alipojenga Kinoru, mama aliiona nyumba siku ya maombi ya kuifungua, pamoja na wageni wengine. Kila Krismasi mama aliniuliza jikoni, "Bado?" Nami najibu, "Bado." Alipougua, Murithi alifika hospitali kila Jumapili, akasimama miguuni pa kitanda, akauliza kuhusu dawa, akaondoka. Mama alibaki akitazama mlango. Mimi nimekaa hapo, nimemshika mkono, na neno liko mdomoni. Nilikuwa mwoga, basi.

Tulimzika mwaka jana. Mwezi wa nane nikaenda kwa Murithi, wanawe wawili wakawa wanatazama video kwenye simu, mtu anamtupia chatu panya hai ndani ya sanduku la kioo. Wanashangilia, wanairudisha tena na tena. Murithi akainuka akatoka nje. Nikamfuata, nikamwambia yote pale kando ya tangi la maji.

Akaniuliza, "Ma-mama alijua?" Nilikuwa sijamsikia akikwama tangu tukiwa vijana.

"Alijua siku ile ile."

"Na ulikuwa umekaa pale hospitali?"

Akarudi ndani, akawaambia watoto wazime hiyo simu.

Napenda sana kuwacheka watoto wa siku hizi, kwamba hawajui kuruka kamba, kwamba wakiona mjusi wanampiga picha huku wanatetemeka. Lakini siku ile ile mmoja wa wale wavulana alikuwa amempasulia mwenzake kioo cha simu. Akasema "sori bro" hata chai haijapoa, na mambo yakaisha. Mimi, wa enzi za adabu, ilinichukua miaka thelathini na mitano, na nikamsubiri mama afe kwanza.

Zamani hatukuwa na simu. Ndugu yako akikukasirikia mlilala kitanda kimoja hivyo hivyo, mmegeuziana migongo, na asubuhi uji ni wa sufuria moja, kwa hivyo lazima mmoja atasema, "Nipitishie kikombe." Siku hizi Murithi yuko Kinoru, mimi niko Majengo, ni mwendo wa miguu tu. Jana nimempigia tena. Ililia mpaka ikakatika.