Mama Mstari na Ule Ukimya

Kila mwanzo wa mwezi Mama Mstari ndiye aliyeandika ubao wa matangazo getini mwa kituo cha utamaduni, na mwezi ule alianza vizuri tu. Ijumaa jioni, kwaya ya vijana. Jumapili alasiri, bendi ya tarumbeta, watoto bure. Akafika kwenye mstari wa Jumamosi na mkono ukagoma. Chaki ilimchafua vidole, jua likapanda, mstari ukabaki mtupu. Waliopita asubuhi ile walidhani Jumamosi ukumbi umekodiwa kwa harusi.

Mwongozaji wa michezo ya kuigiza, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa sababu hakuacha kusahihisha watu hata alipostaafu shule, alitoka ofisini akasimama nyuma yake.

"Mama, umeisahau Jumamosi?"

"Sijaisahau. Chaki imekwisha."

Boksi zima la chaki lilikuwa limekaa miguuni pake. Mwalimu alilitazama, akamtazama mwenye boksi, akaokota kipande na kuandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino: Jumamosi, saa kumi, Mlango wa Uani. Mchezo ulioliza mji unarudi baada ya miaka kumi na mmoja. Kisha, kwa kuwa hakujua kuacha jambo likiwa zuri, akaongeza chini: Njooni muusikie ule ukimya.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema, akajipangusa mikono na kurudi ndani ameridhika.

Ubao haukuwa kazi ya Mama Mstari hasa. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia la kushoto, juu ya kigoda, daftari la mchezo magotini, na mwigizaji akipotewa na maneno, kumnong'oneza. Mkumbushaji. Ni kazi isiyo na makofi, maana ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo. Alikuwa na kanuni zake. Aliyesahau hupewa maneno matatu, wala si mawili wala manne: mawili hayamfikishi popote, manne yanamfanya mvivu. Na mahali ambapo mwigizaji ananyamaza makusudi, kwenye daftari huchorwa duara la kalamu nyekundu. Penye duara mkumbushaji hafungui mdomo, hata paa likianguka. Ukimpa maneno mtu aliyenyamaza kwa kupenda, umemvua nguo mbele ya watu.

Kanuni hiyo ya duara ndiyo iliyomponza.

Wakati ule, miaka kumi na mmoja nyuma, mwigizaji mkuu alikuwa dada yake. Mchana alipiga chapa barua za watu, jioni akawa malkia, mchawi, mjane, chochote utakacho, na watu walinunua tiketi kwa kuuliza kwanza kama yumo. Katika Mlango wa Uani aliigiza mke ambaye mumewe amepotea miaka mingi, na mwisho wa sehemu ya pili mume anabisha hodi mlango wa nyuma. Mke anatakiwa kujibu, "Ingia ndani, mume wangu, mlango haujafungwa." Siku mbili kabla ya onyesho dada mtu alikuja jikoni kwa mdogo wake, akachovya kidole kwenye mchuzi, akasema chumvi imezidi, kisha akasema kilichomleta.

"Mdogo wangu, pale anapobisha hodi usinipe kitu. Nataka kunyamaza. Wewe hesabu mpaka nane."

Mama Mstari alichora duara hapo hapo, juu ya meza ya jikoni.

Siku ya onyesho mume alibisha hodi, dada akaweka mkono kifuani, akanyamaza. Mama Mstari alihesabu hadi nane. Tisa. Kumi. Ukumbi wa watu mia tatu ulikuwa kimya hata feni za darini zikasikika. Kumi na tano. Leo amewakamata, alijiambia, leo kawaweka kiganjani. Kwenye ishirini ule mkono ulianza kushuka kutoka kifuani, polepole, mpaka ukaning'inia ubavuni. Watu walisema baadaye kwamba hawajapata kuona mkono ukishushwa namna ile. Kwenye thelathini dada aligeuza macho, akamtazama yeye, pale pembeni. Na Mama Mstari, kwa fahari iliyomjaa, akamtabasamia. Endelea, dada. Unawamaliza.

Kwenye arobaini na moja alianguka, na ukumbi ukasimama kupiga makofi.

Walipiga makofi mpaka Mwalimu alipoteremsha pazia na kupiga kelele liletwe gari. Kiharusi. Keshoye adhuhuri akafa. Daktari alisema nusu dakika isingebadili kitu, majirani wakasema ni kazi ya Mungu, na mji ukajitungia hadithi yake: kwamba ule ukimya ulikuwa sanaa tupu, kilele cha mwigizaji, na maradhi yalimvizia mwishoni tu. Hadithi nzuri. Mama Mstari aliitikia pole za watu na kuiacha hivyo. Lakini alijua. Ukimya wa dada yake ulikuwa wa kuhesabu nane. Uliobaki wote ulikuwa wa mtu anayezama, aliyegeuka kutafuta mkono, akapewa tabasamu. Hilo la macho na la tabasamu hakumwambia kiumbe.

Tangu hapo kimya kilimtesa. Mtu akisita kidogo katikati ya mazungumzo, yeye alimmalizia, iwe dukani, iwe kliniki, iwe msibani kwa mtoa wasifu. Ndipo watu wakamwita Mama Mstari. Walicheka, naye akacheka nao, kwani angefanyaje? Nyumbani redio haikuzimwa. Na ukumbini, saa nne asubuhi, jua likiwa limetanda kwenye viti na yeye peke yake na ufagio, alikuwa akiisikia pumzi. Ilitokea palepale dada aliposimama. Pumzi ya kuvuta, ile fupi ya mtu anayetaka kusema, kisha hakuna. Alingoja. Mara nyingine ufagio ulimganda mikononi robo saa nzima akingoja. Siku moja alishindwa, akaupa ukumbi mtupu maneno yake matatu: "Ingia ndani, mume…" Hakujibiwa. Alimaliza kufagia, na kesho yake ile pumzi ilikuwa palepale.

Angeacha kazi, lakini kulikuwa na mtoto. Dada aliacha binti wa miaka tisa, na Mama Mstari akamlea. Akakua na midomo ya mama yake, mwendo wa mama yake, na ugonjwa wa jukwaa wa mama yake. Sasa ana ishirini, na Mwalimu amempa nafasi ya yule mke.

Siku ya mazoezi ya kwanza binti alikuja kwenye kigoda na kalamu nyekundu.

"Mama mdogo, nichoree duara penye hodi. Mwalimu anasema tufike arobaini, kama mama."

"Arobaini ni nyingi."

"Mama aliweza."

Ungejibu nini? Kumwambia ukweli ni kumpokonya mtoto kitu pekee kizuri alichoachiwa na kifo kile. Kunyamaza ni kukaa pale pembeni na kuhesabu tena, mtoto yuleyule mbele yake, hadi arobaini. Alichora duara. Likatoka kama yai.

Mazoezini alijikaza kisabuni. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, binti alifika penye hodi na Mwalimu akasema waruke hapo: "Pale tutapashika siku ya mwisho, tusipachoshe." Siku ya mwisho ikafika, Ijumaa mchana. Binti amevaa gauni la mchezo, taa zimewashwa. Hodi ikabishwa. Binti akaweka mkono kifuani.

Nane. Tisa. Kumi. Kwenye ishirini mkono ulianza kushuka, polepole, vilevile, maana kila mtu mjini alikuwa amemsimulia binti jinsi mama yake alivyoushusha. Kwenye thelathini binti akageuza macho kushoto.

"Mlango haujafungwa!" Mama Mstari alipiga ukelele. Alikuwa amesimama, daftari limeanguka. "Sema! Sema basi, mlango haujafungwa!"

Mwalimu alikunja uso. "Mama, kuna duara hapo."

"Najua kuna duara! Nimelichora mimi! Na la kwanza nililichora mimi!"

Mwalimu hakuwa mpumbavu, tatizo lake lilikuwa maneno mengi tu. Aliwaambia wengine wakanywe chai, naye akawafuata.

Mama Mstari alimwambia binti yote pale jukwaani, wamekaa sakafuni kama watu waliofungiwa nje. Nane. Mkono. Macho. "Mama yako hakuwa anaigiza. Aliniangalia nimsaidie, na mimi nilimchekea. Nilifurahi, mwanangu. Sijawahi kufurahi kama siku ile. Alikuwa anakufa na mimi nafurahi."

Binti hakulia. Alikaa muda akichezea upindo wa gauni, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mmoja Mama Mstari alimwacha mtu anyamaze kadiri apendavyo.

"Nilikuwa safu ya tatu," binti alisema hatimaye. "Nilipanda juu ya kiti ndiyo nione. Alipoanguka nilipiga makofi, mama mdogo. Nilipiga mpaka viganja vikaniuma. Nilikuwa najisikia vibaya kwa kuwa nilipiga kuliko wote."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa mdogo wake."

Aliinuka, akaokota daftari, akalirudisha kwenye kigoda.

"Duara liache. Nitanyamaza nane, basi. Nikigeuka kukuangalia, nipe maneno, hata kama sijasahau."

Jumamosi saa kumi viti havikutosha. Watu walikuwa wamekuja kwa ajili ya ukimya, Mwalimu aliwaahidi ubaoni, na sehemu ya pili ilipofika ukingoni uliwaona wakijiweka sawa, wakiwakanya watoto. Hodi. Mkono kifuani. Mama Mstari alihesabu bila kutikisa midomo. Tano. Sita. Kwenye saba binti aligeuza macho.

Saba haikuwa nane. Lakini hakungoja.

"Ingia ndani, mume…"

Hakunong'ona vya kutosha. Safu tatu za mbele zilimsikia, na mtu mmoja akafyonya kwa sauti. Binti alivuta pumzi, ile fupi, na maneno yakaja, yote, mpaka mwisho wake. Mume akaingia. Pazia likashuka. Upande wa pili watu walipiga makofi ya adabu tu, na bwana aliyefyonya alisikika waziwazi akimwambia mkewe, "Yule mama wa pembeni ameuharibu mchezo. Si angenyamaza?"

Mama Mstari alimsikia na wala hakumjali. Binti alikuwa anakuja kwake nyuma ya pazia, anatembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa. Alishika mkono wa mama mdogo wake. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama mdogo," alisema, "pale sikuwa nanyamaza. Nilisahau kweli. Maneno yote yalinitoka, nikamwona mama, basi."

Kuna dalili za kiharusi, mdomo kupinda na mkono kushuka wenyewe, ambazo nesi wa wodi alimfundisha Mama Mstari siku ya msiba, wakati hazikuwa na faida tena. Alimshika binti kidevu, akamgeuzia kwenye taa.

"Cheka."

"Mama mdogo, niko sawa, ni hofu tu…"

"Cheka nikuone!"

Binti akacheka, huku machozi yanamtoka. Mdomo ulikuwa umenyooka, pande zote mbili.

"Nyanyua mikono. Yote. Juu."

Ukumbini Mwalimu alikuwa akiwatangazia watu bendi ya Jumapili. Nyuma ya pazia binti alinyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuishikilia hapo, na mama mdogo wake akaanza kuhesabu, kwa sauti, safari hii ili wote wamsikie.