Binti wa Sajini na Sauti Yangu

Sijawahi kuwa askari. Nilifundisha hisabati katika shule za sekondari mjini Jinja hadi nilipostaafu, ndipo mwalimu kijana wa michezo, niliyemsomesha zamani, aliponiomba nimsaidie kuifunza timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Uwanja uko Kimaka, karibu na nyumbani kwangu, nami sikuwa na udhuru. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wanajeshi na askari magereza waliotoka wilaya mbalimbali za kaskazini na mashariki, na lugha pekee iliyowafikia wote kwa pamoja ilikuwa Kiswahili. Kiswahili changu pale uwanjani kilikuwa kifupi na cha sauti kubwa. Waliniita afande, nami sikuwasahihisha.

Mchezeshaji wetu, yule anayegawa mipira, alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mtoto wa sajini. Alikuwa na mikono myepesi, na pasi zake zilimfikia mwenzake mahali ambapo huyo mwenzake alikuwa ndiyo kwanza anakusudia kwenda. Dosari yake ilikuwa moja. Katikati ya mchezo, mpira ukiwa mikononi mwake, alisimama. Hakujikwaa wala hakuchoka. Alisimama tu, na wapinzani wakauchukua mpira kana kwamba wamekabidhiwa.

Tulipoteza mechi kadhaa kwa namna hiyo, na maneno yakaanza. Mama mmoja muuza samaki wa Masese, ambaye binti yake alichezea timu yetu, alinijia baada ya mazoezi.

“Mzee, huyu mtoto wa sajini anatuuza. Shangazi yake anakaa Mbale, na Mbale ndio tunacheza nao Jumamosi.”

“Umemwona akipokea kitu?”

“Watu wanasema.”

“Watu gani?”

“Eh, mzee! Watu ni watu.”

Nilimwambia kwamba sipokei ushahidi wa mtu asiye na jina, naye akaondoka akinung’unika. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kumfikia sajini. Alikuja nyumbani kwangu akiwa ndani ya sare na akakataa kiti.

“Mwalimu, jina langu linachezewa mjini. Mbale nitakuja mwenyewe. Akisimama tena vile, namtoa kwenye timu. Atabaki nyumbani, amsaidie mama yake.”

Mwalimu kijana alikuwa na dawa yake tayari. Alikuwa amehudhuria semina iliyowaelekeza makocha kumjenga mchezaji kwa kumsifu anapofanya vyema. Nilimuuliza nani aliyeliona jambo hilo likifanya kazi.

“Walisema kwenye semina, mzee.”

“Kwa hiyo nawe ni muuza samaki.”

Alicheka, kisha akanipa kalamu. “Basi andika mwenyewe. Si wewe ndiye mtu wa ushahidi?”

Jumatatu na Jumanne niliandika kila mara binti yule aliposimama, pamoja na kilichotangulia. Kilichotangulia kilikuwa kimoja: sauti yangu. Nilipaza “Wewe!” naye akasimama. Nilimtazama sasa kwa makini, nikaona nilichopaswa kukiona miezi mingi kabla: visigino vilikutana, mikono ilijishusha, kidevu kilipanda. Wenzake nao walishtuka, ila wao hawakuwa na mpira. Yeye alikuwa nao muda mwingi kuliko wote, na ndiye niliyemwita kuliko wote.

Nilimuuliza kwa nini husimama.

“Afande ameita.”

“Katikati ya mchezo?”

“Kwetu kambini mkubwa akikuita hivyo unasimama mpaka amalize. Ukiendelea kutembea ni dharau.” Alinijibu taratibu, kama anayemweleza mgeni njia.

Sina kipaji cha kusifu. Niliacha kupaza “Wewe!”, nikaamua kusema jema nililoliona kwa macho yangu tu, kwa sauti ya kawaida, mpira ukiwa umesimama. “Ulimwona mwenzako wa kushoto kabla hajainua mkono. Vizuri.” Wasichana walitazamana.

“Afande anaumwa?” mmoja alinong’ona.

“Labda amekosea dawa,” akajibu mwingine.

Hata hivyo binti wa sajini hakusimama siku ya Alhamisi, wala Ijumaa.

Mbale tulicheza mchana, mlima ulio nyuma ya mji ukiwa umefunikwa na mawingu. Sajini alikuja bila sare, akakaa mstari wa mbele. Hadi robo ya nne binti yake hakusimama hata mara moja, nasi tulikuwa mbele kwa pointi moja. Alitoa pasi moja mbaya iliyotoka nje. Nilimwambia wazo lilikuwa sahihi, na akaitikia kwa kichwa. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mpira ukiwa kwake, sajini aliinuka.

“Wewe! Angalia nyuma!”

Visigino vilikutana. Msichana wa Mbale aliuchukua mpira, akafunga, na kipenga kikalia.

“Jinja mmetuletea sanamu!” watazamaji walishangilia. “Mrudi nayo!”

Sajini alinifuata kwenye benchi. “Umeona mwenyewe. Watu walisema kweli.”

“Nimeona, afande. Uliita, akasimama. Nyumbani akiitwa hivyo hufanya nini?”

Aligeuka kutazama uwanjani. Binti yake alikuwa mbele yetu, bado amesimama wima, jasho likimtiririka.

“Nami nimemwita hivyo hivyo msimu mzima,” nikaongeza. “Mechi hizi tumeziuza sisi wawili. Ukimtoa, utakuwa umemwadhibu kwa kukutii.”

Sajini akamwambia binti yake aketi, naye akaketi.

“Mwambie jema moja uliloliona leo,” nilisema.

Alitafuta. Sidhani kama aliwahi kutakiwa kazi ya namna hiyo. “Ulikimbia vizuri,” alisema mwishowe.

“Lini, baba?”

“Robo ya tatu.”

“Robo ya tatu nilikuwa benchi.”

Mwalimu kijana aligeuka upande wa pili ili asionekane akicheka. Sajini alijikuna shingo.

“Mazoezi ni lini?” aliniuliza.

“Jumatatu, saa kumi.”

“Basi Jumatatu nitamleta mwenyewe,” alisema, “na safari hii nitaangalia.”