Mafuta ya Kumtolea Mwali

Nakumbuka siku moja, kiza kikianza kuingia, bibi yangu mzaa mama aliponinyooshea kata ya maji nami nikashika hewa. Akaihamishia upande wa pili. Nikapapasa tena.

Nilikuwa mwali, mwanangu. Sisi Waluguru binti akivunja ungo alifungiwa ndani, asifanye kazi, alishwe anenepe, mpaka siku ya kumtoa apakwe mafuta ang'ae mbele ya ukoo. Mimi nilifungiwa wakati mbaya, Mjerumani akipigana na Mwingereza. Askari walipanda huku milimani wakachukua kuku, mbuzi na karanga, na baba akapelekwa kubeba mizigo ya vita. Tukabaki na matembele na majani ya maboga, ya kuchemshwa kwa maji na chumvi. Mafuta yaliyosalia yalikuwa kibuyu kimoja cha ufuta, alichokificha mama darini kwa ajili ya siku ya kunitoa. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Ngozi yangu ikawa inakwaruza kama jani la msasa, na kila jioni nilijikwaa kwenye mafiga. Hakuna aliyeshtuka. Chumba cha mwali hakina mwanga, na gizani nani hajikwai? Ila bibi, aliyeshuka kutoka kijiji cha juu kuja kunijulia hali, hakuridhika na jibu hilo. Baada ya kunijaribu kwa ile kata alimwita mama.

"Mtoto wako jioni haoni. Kile kibuyu kiko wapi?"

"Kile ni cha kumtolea mwali, mama. Akiba haiozi. Akitoka amepauka, watu watasemaje?"

"Akiba haiozi, mwenye akiba ndiye anayeoza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Unataka ang'ae nje, na ndani macho yanakufa? Kishushe."

Mama alilia. Usimcheke, mwanangu. Mumewe hajulikani aliko, shamba limekombwa, na fahari pekee iliyombakia ilikuwa bintiye ang'ae siku ile moja. Nilimhurumia, na mpaka leo namhurumia. Lakini alikishusha.

Tangu jioni ile matembele yangu yakatiwa mafuta, kidogo tu, bibi akisimama juu ya chungu mwenyewe maana hakumwamini mtu. Macho yakarudi taratibu. Kwanza niliona mdomo wa chungu, kisha vidole vya mama vikisonga ugali. Kibuyu kikaisha kabla ya sherehe.

Basi nikatolewa hivyo hivyo, nimepauka. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba mwali huyu hakutunzwa. Mama aliinamisha kichwa. Jua lilikwishazama, nami nilikuwa mbali naye, lakini nilimwona akijifuta machozi.

Miaka mingi baadaye nilisomea ukunga, nikafundishwa sababu yake. Majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, chakula cha macho. Kitu hicho hakiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Ukila mboga bila mafuta, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Na kazi ya mafuta haiishii hapo. Nyongo ikishayavunjavunja, mwili huyatumia kujengea kuta za chembe hai zake zote, na ubongo nao huyahitaji. Mengine huzunguka figo zisiumie ukitikisika. Yanayobaki hukaa chini ya ngozi, yakawa blanketi la baridi yetu ya mlimani na ghala la siku ya njaa. Ghala langu mimi lilikuwa tupu.

Nakuambia haya kwa sababu nimekuona ukichemsha mchicha wa mwanao bila tone la mafuta, eti mafuta ni adui. Sikwambii uogelee ndani yake. Yakizidi huziba mishipa ya moyo, na nimezika wengi kwa hilo. Wewe ukitaka kuwa mwembamba, shauri yako. Ila mtoto anakua, mtilie kijiko cha mafuta au karanga za kutwanga, au mkatie parachichi pembeni ya sahani. Na usingoje ajikwae ndipo umwangalie macho.

Mungu akukuzie, mwanangu, na kila magharibi mtoto wako akutambue kwa sura kabla hujamwita.